Vigingi Kumi na Tatu

2 Mei

Leo nimekabidhiwa darubini, fomu za ripoti na ufunguo wa lango la uwanda, nikatia sahihi mahali palipoandikwa "Mwangalizi wa Viota". Nina miaka hamsini na minane. Ishirini na sita kati ya hiyo nimewashikia wapima ardhi kamba na kuwagongomea vigingi, na tangu nistaafu nilidhani kazi iliyobaki ni kumgombeza paka tu. Kumbe bado natakiwa.

Niiandike kazi yenyewe nisije nikajichanganya. Uwanda ni ekari mia mbili za nyasi ambazo hazijawahi kuguswa na jembe. Mashamba yote yanayouzunguka yameshalimwa, na nyasi zinakomea kwenye uzio. Ni mali ya ushirika wa wafugaji, wanakata humo majani ya ng'ombe kila mwaka. Na humo ndimo wanamotaga tandawala, ndege wa ukubwa wa kuku, rangi ya nyasi kavu, ambao mayai yao huyaweka chini kwenye udongo mtupu. Jike akishaatamia hasogei. Trekta linakuja, yeye katulia tuli, mpaka kisu kimfikie.

Makubaliano ya ofisi ya wanyamapori na ushirika ni haya: mwaka huu majani yasikatwe kabla ya tarehe 20 Juni. Viota vikiangua vinane au zaidi, ofisi inaukodi uwanda miaka kumi ubaki nyasi. Visipofika vinane, ushirika unalima alizeti.

Mwenyekiti wa ushirika, ambaye ndiye pia dereva wa trekta, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anataka alizeti na hajanificha.

4 Mei

Nimetembea kutwa. Nimepata miiba tu.

5 Mei

Kiota cha kwanza! Nilikaribia kumkanyaga. Mayai matatu ya kijani iliyofifia, yamelala kwenye kishimo kisichozidi sahani. Jike aliondoka chini kwa chini, hatua chache, akanigeukia na kunikazia macho mpaka nikaona aibu.

Mpima ardhi hakiachi kitu bila alama. Hatua mbili kaskazini ya mayai nikagongomea kigingi, kichwa chake nimekipaka rangi nyeupe, na namba nimeiandika kwa wino usiofutika. Dereva wa trekta akiwa juu ya kiti chake ataviona vyote tangu mbali. Nilisimama nikakitazama kile kigingi kilivyonyooka, nikafurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kustaafu.

9 Mei

Viota vinne. Namba mbili iko hatua mia moja arobaini kutoka kigingi cha kwanza, kuelekea mnara wa maji. Namba tatu, hatua tisini na sita kutoka cha pili. Namba nne, mia mbili na kumi kutoka cha tatu. Vyote vimeingia daftarini.

Jioni nilikula kwa mdogo wangu. Wifi yangu ameshanibandika jina, ananiita Bibi Vigingi, na wanawe wakubwa wakipiga simu anawapasha habari zangu kana kwamba nimeingia utawa. Nilimwomba mdogo wangu siku ya kukata aanzie katikati aende nje, maana akianzia pembeni akizunguka kwenda ndani, kama anavyofanya siku zote, ndege na vifaranga wote wanasukumwa katikati na mwisho hawana pa kukimbilia. Akasema trekta si baiskeli, kuligeuza katikati ya nyasi ni kazi. Kisha akaniambia tena habari ya majani: yakikatwa mwishoni mwa Juni yanakuwa vijiti, ng'ombe anayachezea mdomoni na kuyatema. "Dada, mimi sina ugomvi na ndege wako," alisema. "Lakini kwenye mkutano nilipigia kura alizeti, na nikirudishwa kwenye mkutano nitapigia alizeti tena."

Nilimjibu kwamba ndege hajaulizwa kura yake. Wifi akacheka, tukala.

10 Mei

Mvua.

14 Mei

Viota saba. Nina marafiki wapya, kunguru wawili, mume na mke nadhani. Wananifuata toka langoni kwa adabu kabisa, hatua hamsini nyuma yangu. Nikisimama wanasimama. Nimewagawia ganda la mkate. Mtu anayetembea peke yake kutwa nzima anahitaji wa kusema naye.

19 Mei

Mkaguzi kutoka ofisini amekuja. Ni kijana wa miwani, anaongea taratibu na hakai mpaka aambiwe. Nilimzungusha kwenye viota tisa. Alisifu vigingi vyangu, akasema hajawahi kuona uwanda uliopangwa vizuri hivi, akavipiga picha awaonyeshe wenzake. Sikuficha furaha yangu.

Kabla ya kuondoka alinikumbusha fomu. Kila wiki mbili, kiota kikipotea, nijaze safu ya "Chanzo cha hasara". Na akanisomea kifungu kimoja cha makubaliano: ikithibitika mwanachama wa ushirika ameharibu viota kwa makusudi, makubaliano yanavunjika hapo hapo na ofisi inajitoa. Nikamwambia hapa hakuna mtu wa namna hiyo.

23 Mei

Namba mbili hayupo. Mayai hayapo. Hakuna hata ganda.

24 Mei

Namba tano. Hivyo hivyo.

25 Mei

Moja yupo. Tatu yupo. Nne yupo. Sita yupo. Saba yupo. Nane, tisa, kumi, wote wapo. Nimezunguka mara mbili, asubuhi na alasiri, nihakikishe.

26 Mei

Moja yupo. Tatu yupo. Nne yupo. Sita yupo. Saba yupo. Nane hayupo.

Nimekaa chini pale pale kwenye nyasi. Viota kumi, vitatu vimekwenda ndani ya siku nne. Fisi au bweha angeacha maganda na manyoya. Nyoka hali mayai ya viota vitatu kwa zamu. Hii ni kazi safi, ya mtu anayejua anapokwenda. Na vigingi vinamwelekeza yeyote anayejua kusoma namba.

27 Mei

Namba nne hayupo. Na pale, kwenye udongo uliolainishwa na mvua, pamepigwa muhuri wa buti la mpira lenye pembe tatu kwenye kisigino. Nalijua buti hilo, maana nilimnunulia mdogo wangu mimi mwenyewe.

28 Mei

Naandika na hasira haijaniisha.

Nilikwenda kwake saa za chai. Alikuwa mezani na wifi, fulana ya ndani, magazeti yametandazwa na juu yake pampu ya mafuta ya trekta imefumuliwa vipande vipande. Wifi aliniwekea kikombe. Sikukaa. Niliuliza buti lake limetafuta nini kwenye kiota namba nne.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na mimi ule utulivu wake nikauhesabu kuwa ni hatia. Nikamwambia yote. Kwamba viota vinne vimekwenda, kwamba anayefaidika ni mmoja tu, kwamba angalau angekuwa na ujasiri wa kuzungumza na mimi dada yake kabla ya kuninyang'anya usiku na mchana wangu kwa ajili ya magunia ya alizeti. Nilisema marehemu mama angeona haya. Hilo la mama nilijua lilivuka mpaka hata wakati linatoka.

"Ningetaka kulima kwa hila," alisema, "ningekwambia mezani kwangu kwamba nataka kulima?"

Wifi akasema, "Wifi, kaa kwanza unywe chai." Nikasema chai ya nyumba hii sinywi.

Nimerudi nyumbani nimejaza fomu. Chanzo cha hasara: binadamu. Maelezo: alama za buti la dereva wa trekta, mwenyekiti wa ushirika. Nimeikunja, nimeitia kwenye bahasha, na basi la saa nane limeondoka nayo.

30 Mei

Wifi ameniletea sufuria langu lililokuwa kwake. Aliliweka mlangoni, akasema "Hilo hapo," akaondoka. Limesuguliwa mpaka linang'aa.

Namba kumi na moja nimempata leo, na kumi na mbili. Majike waliopoteza mayai wanataga upya, nadhani. Nimewagongomea vigingi.

2 Juni

Kumi na tatu. Hatua sabini na nane kutoka kigingi cha kumi na mbili.

Tisa hayupo. Vimebaki vinane, yaani hesabu yenyewe kamili, hakuna hata kimoja cha kupoteza.

4 Juni

Niliamua kumkamata mdogo wangu akiwa kazini. Niliingia uwandani mapema kabla jua halijapanda, nikajilaza kwenye mfereji mkavu ulio karibu na kigingi namba kumi, nikajifunika nyasi, darubini mkononi. Umande uliniloanisha hadi kwenye mifupa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia atakapotokea. Nilikuwa nimeyapanga kwa mpangilio.

Waliotokea ni wale kunguru wawili.

Walikuja kutoka langoni, mahali ninapoanzia mzunguko wangu kila siku. Mmoja akatua juu ya kigingi cha kwanza. Akatazama chini, akakuta jike kakaa imara, akaruka. Hakupita hewani kama ndege anayetafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichwa cheupe cha kigingi cha tatu, akatua, akatazama. Kisha cha sita. Kisha cha saba. Walifuata njia yangu, namba kwa namba, na vigingi vya viota vilivyokwisha kumalizwa wakavipita bila hata kugeuza shingo. Mimi niliwafundisha hesabu.

Wakafika cha kumi, hatua ishirini na tano kutoka nilipolala. Mmoja alikaa juu ya kigingi, akaanza kumchokoza jike kwa kelele na kumrukia kichwani. Mwenzake alisubiri nyuma, chini, ametulia kwenye nyasi. Nikaelewa kinachofuata: jike akiinuka kumfukuza wa mbele, wa nyuma ananyakua. Niliinuka napiga makofi, nilipiga kelele, nikatupa darubini ya serikali. Wakaruka, hawakwenda mbali. Walikaa hatua hamsini, kwa adabu, wakingoja mkate.

Nimelia pale. Si kwa ajili ya ndege peke yao.

5 Juni

Nimeng'oa vigingi vyote kumi na tatu. Nilifanya mchana jua kali, kunguru wakiwa vivulini, nikakiendea kila kimoja kwa njia yake nisiache mkondo kwenye nyasi. Nimeamua sitaingia tena. Nitawatazama kwa darubini nikiwa nje ya uzio, ingawa kioo chake kimoja kina ufa, na kila jike nitamjua kwa upande atakaotokea na vifaranga.

Barua ya kurekebisha ile fomu nitaiandika kesho.

6 Juni

Namba moja ameangua. Niliona vifaranga wawili wakimfuata kwenye nyasi fupi karibu na lango. Kimoja.

Barua sijaandika.

8 Juni

Tatu ameangua. Sita ameangua. Vitatu.

Barua sijaandika. Nilianza. Sentensi ya kwanza inasema "Napenda kuwafahamisha", nami sipendi.

11 Juni

Saba ameangua. Vinne. Upepo mkali, nyasi zinalala na kuinuka, macho yananiuma kwa kutazama.

12 Juni

Leo nimekwenda kwa mdogo wangu. Alikuwa chini ya trekta, miguu tu inaonekana, na buti ni lile lile. Nikachuchumaa nikaongea na buti. Nilimweleza habari ya kunguru toka mwanzo mpaka mwisho, nikasema nimemkosea, nikasema na la mama nililisema kwa hasira na nalirudisha.

Spana iliendelea kufanya kazi kwa muda. Kisha akatoka, akakaa na kuegemea gurudumu.

"Nilikwenda kumwangalia ndege wako," alisema. "Ulivyokuwa unamsimulia kwangu kila jioni, nikataka nimwone. Miaka kumi na tisa naendesha kisu humo, dada. Manyoya nimeyaona. Mzima sijawahi kumwona."

Nilitazama buti lake.

"Ofisini uliandika jina langu?"

Nikasema sikuandika jina, niliandika dereva wa trekta, mwenyekiti wa ushirika. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi nenda ukaandike tena," akasema, akarudi chini ya trekta lake.

13 Juni

Kwa nini siandiki? Niwe mkweli angalau kwenye daftari hili ambalo halisomwi na mtu. Nikiandika kwamba chanzo ni vigingi, wananiondoa, na ni haki yao. Na picha za vigingi vyangu ziko ofisini, mkaguzi amewaonyesha wenzake. Nilisifiwa mara moja katika maisha ya kazi, na ilikuwa kwa ajili ya hivyo. Najitetea kwamba nangoja viota viangue kwanza. Ni uongo, naogopa tu.

16 Juni

Kumi ameangua. Kumi na mbili ameangua. Viota sita! Wamebaki wawili: kumi na moja na kumi na tatu, wale wa kuchelewa.

Na kukata ni tarehe 20. Hakuna kuahirisha, ushirika umeshavumilia ya kutosha, na mawingu yanajikusanya kila alasiri.

17 Juni

Barua imekuja kabla sijaandika yangu. Kutokana na taarifa ya mwangalizi kuhusu uharibifu uliofanywa na mwanachama, mkaguzi atafika tarehe 23 Juni kuthibitisha, na ikithibitika, kifungu husika kitatumika.

Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Fomu yangu inaweza kuua uwanda hata kama viota vyote vinane vitaangua. Na mdogo wangu nakala amepata, maana bahasha ilielekezwa kwa wote wawili. Hakuja. Akinyamaza tu, atalima alizeti yake, na nitakuwa nimemlimia mimi.

19 Juni

Nimepekua daftari kutafuta walipo kumi na moja na kumi na tatu, nimwelekeze dereva kesho. Hapo ndipo nilipogundua kosa ambalo mwanafunzi wa upimaji akilifanya ningemfokea mbele za watu. Kila kiota nilikipima kutoka kigingi kilichotangulia. Hakuna hata kimoja nilichokifunga kwenye uzio wala mnara. Na vigingi nimeving'oa. Kumfikia wa kumi na moja lazima nianze langoni na kuunga vipimo kumi na moja mfululizo, kila kimoja na makosa yake, na hatua yangu ya Mei kwenye nyasi za magotini siyo hatua yangu ya leo kwenye nyasi za kiunoni. Naweza kukosea hata hatua arobaini. Kisu kina upana wa hatua tatu.

20 Juni

Saa mbili asubuhi trekta liliingia. Nilikuwa nimeshasimama langoni na daftari. Hakunisalimu. Nilimweleza, nikipaza sauti juu ya injini, kwamba wawili wamebaki, kwamba sijui walipo kwa uhakika, kwamba naomba nitangulie mbele kwa miguu nipekue nyasi, na nikiinua mkono asimame. Aliitikia kwa kichwa.

Akapita kingo zote bila kushusha kisu, akaenda mpaka katikati ya uwanda, na hapo ndipo alipoanza, akikata kutoka katikati kwenda nje. Aliligeuza lile trekta kila kona kwa tabu, akirudi nyuma, akisogea, akirudi tena. Nilitembea mbele yake saa nne nzima. Nyasi zilizokatwa zilinukia tamu na kila nilipogeuka niliona kisu kikipigapiga, nikafikiri kila kitu cha kahawia kilichotulia ni yeye.

Wa kumi na tatu nilimpata mwenyewe, hatua kumi na mbili tu kutoka nilipotarajia. Niliinua mkono. Trekta likazunguka, likaacha kisiwa cha nyasi cha ukubwa wa chumba.

Wa kumi na moja nilimtafuta pale daftari lilipomweka. Hakuwepo. Nilipiga magoti, nikapapasa, nikaenda kushoto, nikaenda kulia. Trekta lilinisubiri, kisha likanipita taratibu. Nilikimbia pembeni yake nikipunga mikono yote miwili, nikiita, na dereva hakunitazama. Nilifikiri, sasa ndiyo analipiza.

Hatua thelathini na kitu mbele, akazima injini. Pakawa kimya ghafla. Alishuka, akasimama kando ya gurudumu, akaonyesha kwa kidevu mbigili mmoja ulioinama. Chini yake, amejibana, jicho moja la njano likitutazama, alikuwa wa kumi na moja.

Sikumwuliza alijuaje. Ameendelea kuja kumwangalia, ni wazi, bila kigingi na bila daftari. Alipanda juu, akaacha kisiwa cha upana mara mbili ya kile cha kwanza, akaendelea kukata hadi giza.

22 Juni

Kumi na tatu ameangua. Viota saba. Kumi na moja bado kakaa. Kukata kumeisha.

23 Juni

Tulikaa watatu kwenye ofisi ya ushirika, chumba chenye meza moja, kalenda ya duka la dawa za mifugo na mizani ya zamani. Mkaguzi aliweka fomu yangu mezani, mwandiko wangu ukitutazama. Alisoma kile kifungu kwa sauti. Kisha akasema, "Mwenyekiti, una la kusema?"

Mdogo wangu alikuwa anatazama dirishani. Nilijua, na yeye alijua, kwamba akisema "sina" tu, mkataba umekufa na wiki ijayo jembe linaingia.

"Muulize dada," alisema.

Nikasema. Ni mimi. Nilisimulia vigingi, rangi nyeupe, njia yangu ya kila siku, mkate, kunguru. Nilisema nimelijua hilo tangu tarehe 4 na sikuandika kwa sababu niliogopa kuaibika, na kwamba buti la mdogo wangu lilikwenda kutazama na halikugusa kitu. Nikachukua kalamu yake, nikakata neno "binadamu" na yale maelezo yote, na kwenye safu ya chanzo nikaandika: mwangalizi wa viota. Nikatia sahihi pembeni.

Mkaguzi alivua miwani akaifuta. Hakunifokea, na kufokewa kungekuwa nafuu. Alisema picha za vigingi vyangu zimeshatumwa kwenye nyanda nyingine mbili, na itabidi apige simu leo hii. Kisha akaomba ufunguo. Siruhusiwi tena kuingia uwandani, msimu huu wala ujao.

Kilibaki kiota kimoja. Viota saba vimeangua, nane ndiyo hesabu. Nikauliza nani ataripoti. Mkaguzi akamtazama mdogo wangu kwa muda, akasema, "Mwenyekiti. Yeye ndiye anayepoteza akisema wameangua. Neno lake linanitosha." Wakaelewana iwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo uwanda mzima sasa uko mdomoni mwa mtu anayetaka alizeti, niliyemwita mwizi mbele ya mkewe.

24 Juni

Nimesimama nje ya uzio. Kisiwa kiko mbali, kioo kina ufa, sioni kitu. Kunguru wawili wamekaa juu ya nguzo.

25 Juni

Nimesimama nje ya uzio. Nimewarushia kunguru mawe. Nikakosa yote.

26 Juni

Mvua kubwa kutwa. Yai likilowa na jike akiinuka, basi. Wifi alipita barabarani na mwavuli, akasimama, akasema, "Ametoka tangu alfajiri, chai hajanywa." Nikauliza ametoka kwenda wapi. Akasema mume wake hana desturi ya kuaga.

27 Juni

Mvua ilikatika asubuhi. Nilikuwa kwenye uzio saa tatu nilipomwona akija kutoka katikati ya uwanda kwa miguu, polepole, bila haraka yoyote. Nguo zake zilikuwa tope mbele kuanzia kidevu mpaka magoti. Alikuwa amelala kifudifudi.

Alisimama upande wake wa waya. Tangu tarehe 12 hajaniambia neno.

"Watatu," alisema.

Niliuliza kama amewaona kwa macho yake. Alisema amewaona wanatoka, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alichukua muda mrefu mpaka yeye mwenyewe akaanza kuishiwa pumzi. Nikauliza kama ameshawaambia ofisini. Alisema amepiga simu palepale, amelala chini, kwa kunong'ona, na mkaguzi alimwambia aongee kwa sauti naye akakataa.

Nikaanza kumshukuru. Akasema nisimshukuru, hakufanya kwa ajili yangu, na mengine baina yetu bado yapo, tutayazungumza siku nyingine mezani.

"Miaka kumi, dada," akasema. "Nitakuwa na sitini na tatu." Aligeuka akautazama uwanda uliokatwa, kisiwa cha nyasi kikiwa kimesimama peke yake, na nikaona jinsi anavyoutaka ule udongo, jinsi alivyoupigia hesabu mistari kwa mistari. Nilimwonea huruma.

Kisha akanigeukia, akapitisha mkono wake juu ya waya, ule mkono mnene wenye grisi isiyotoka, akaukunja taratibu kuwa kama kikombe kidogo, akanionyesha ukubwa wa kifaranga.